Leseni ya Dada Concilie

Tulimzika dada Concilie siku ya Ijumaa, upande wa kusini wa jiji, na Jumamosi asubuhi nikaifungua kompyuta yangu kwa bisibisi kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Ubao mkuu, ule ambao vipande vingine vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake, ulikuwa umechoka tangu kiangazi, na mpya ulikuwa kwenye boksi lake wiki kadhaa ukinisubiri. Nikaubadilisha juu ya meza ya jikoni, hapa kwetu Spånga, Uswidi, huku treni za abiria zikipita nyuma ya nyumba. Nilipoiwasha, mashine iliwaka vizuri, kisha kwenye kona ya skrini yakatokea maandishi hafifu: leseni haijaamilishwa. Kwa mujibu wa mfumo, hii ilikuwa kompyuta nyingine kabisa na mimi sikuwa nimeinunulia ruhusa. Binti yangu Neema, ambaye amezaliwa hapa na hunijibu Kiswidi hata nikimwuliza kama ameshakula, alipita na kikombe chake akachungulia begani kwangu. "Men pappa, det är bara att logga in," akasema, yaani niingie tu kwenye akaunti yangu, basi. Nikaingia. Nikachagua mahali palipoandikwa kwamba nimebadilisha vifaa hivi karibuni, nikabofya, na chai yangu haijapoa yale maandishi yakafutika. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nilipaswa kufurahi, lakini nilibaki nimekaa pale na bisibisi mkononi, nikimlilia mtu niliyeshindwa kumlilia kanisani.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliokaa kwake, mtaa wa Bredäng, nikiwa kijana, asubuhi nasoma Kiswidi na mchana nasafisha ofisi za watu. Nilipanga chumba kidogo karibu na mlango, chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa kabati. Sebule ndiyo iliyokuwa kubwa, ina dirisha refu linalotazama ghorofa nyingine zilizofanana na yetu kama mapacha, na chini ya dirisha kuna kipasha joto kilichotandazwa soksi za kila mtu aliyelala pale usiku huo. Kila wiki kulikuwa na mtu aliyelala pale. Dada Concilie alikuwa Mrundi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na alikuwa na tabia iliyonichosha mwanzoni kisha nikaizoea: hakujua kukataa. Ukimwomba chumvi anakupa na sufuria. Alinipikia maharage na ndizi nikirudi kazini nimeganda, akaniketisha, akiniita kaka Festo, akaniuliza mambo ya siku yangu kwa mpangilio, tangu nilipoamka. Watu walikuwa wakiniuliza kama nilimpenda. Nilimpenda, lakini si kwa namna waliyotaka kuisikia.

Kompyuta ilikaa kwenye kona ya sebule, juu ya meza ya cherehani. Mashine yenyewe ilikuwa imetupwa na mahali fulani pa kazi, akapewa, akaibeba. Ila mfumo endeshi, ile programu inayoiendesha kompyuta yote, aliununua mpya dukani, kwenye boksi lake, na CD yake, na kibandiko chenye namba ya leseni. Ndicho kitu cha kwanza kipya alichojinunulia Uswidi, na boksi lile alikuwa analifuta vumbi. Halafu, akiwa yeye ni yeye, akaanza kuazima. Mama Zawadi, Mkongo wa Vårby gård aliyekuwa akiimba naye kwaya, alipata kompyuta kuukuu ya watoto isiyokuwa na kitu ndani, akaja kuazima CD. Otieno, Mkenya aliyekuwa anasoma uhandisi, akaazima. Mwalimu wa kwaya akaazima, na Mganda wa ghorofa ya chini pia. Ile CD ilizunguka kama sufuria kubwa la harusi, lile ambalo kila mtaa huwa nalo moja na hakuna anayekumbuka vizuri ni la nani. Ilirudi imefungwa kwenye kitambaa, na mara moja ilirudi ndani ya kopo la siagi pamoja na sambusa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba tunafanya kosa. Kitu cha mtu aliyekuwa nacho kilikuwa cha waliokuwa hawana, na kibandiko hakikuchakaa kwa kusomwa.

Mwezi wa pili wa mwaka ule zikaja habari kutoka Bujumbura. Mpwa wa dada Concilie alikuwa amempata mama mzazi wa dada, mzima, huko milimani alikokuwa amerudi baada ya vita, na Jumapili fulani angemleta mjini kwenye duka la intaneti lenye kamera. Dada Concilie alikuwa hajamwona mama yake tangu alipokuwa msichana. Mama hakuwa mtu wa kusafiri tena, miguu ilishavimba, na mpwa alisema wazi kwamba kumshusha mjini ni kazi ya mara moja. Kuanzia siku ile nikawa nasikia kupitia ukuta wa chumba changu sauti yake akifanya mazoezi. Alikuwa anazungumza Kirundi peke yake, taratibu, anasimama, anaanza tena, na neno pekee nililolielewa lilikuwa mama. Asubuhi anatoka amevaa kofia ya kazini na ananiuliza kama nimelala vizuri.

Tatizo likawa kompyuta yenyewe. Otieno alichomeka kamera tuliyoipata, picha ikatokea kipande kipande, kisha mashine ikaganda kabisa. "Hii ni ya zamani, dada," akasema. "Ubao wote lazima ubadilishwe, na memori, na prosesa. Lakini usijali, nitakutafutia." Akatafuta kweli, kwa wanafunzi wenzake, na Jumatatu ya wiki ile ambayo Jumapili yake mama angeletwa kwenye kamera tukaifungua mashine sakafuni, mimi nikishika taa, yeye akichomeka, dada Concilie akituletea chai na kuuliza kila waya kazi yake. Tulipoiwasha ikaenda kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona. Tukapiga makofi. Jumanne ikatoa tangazo: vifaa vimebadilika sana, leseni iamilishwe upya, na baada ya muda mfupi haitafunguka tena. Tukajaribu kwa intaneti, ikakataa, ikatupa namba ya simu ya kupiga. Jumatano, dada Concilie alipopata mapumziko ya kazi, ikawa haimruhusu mtu yeyote kuingia. Skrini ya bluu, na kisanduku kimoja kinachosubiri namba tusiyokuwa nayo.

Alipiga simu mwenyewe, jikoni, sisi tumesimama karibu naye. Alijua Kiswidi cha wazee, kile cha adabu na cha taratibu. Mtu wa upande wa pili alikuwa kijana mpole, tulimsikia. Akamwuliza: "På hur många datorer är programmet installerat?" Yaani, programu hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi? Nilimwona dada Concilie anahesabu kwa vidole: yeye, Mama Zawadi, Otieno, mwalimu wa kwaya, Mganda. "Fem," akasema. Tano. Otieno akajishika kichwa. Yule kijana akaeleza, bila ukali wowote, kwamba leseni ni ya kompyuta moja. Ikiondolewa kwenye nyingine zote, na apige tena.

"Ungesema moja tu, dada!" Otieno alimwambia alipokata simu. "Nani atakuja hapa kuhesabu? Piga tena, utapata mtu mwingine. Just say one."

"Sitasema."

"Hawa si polisi. Ni watu wa simu."

Dada Concilie akavuta kiti akakaa. Alikuwa hajawahi kutusimulia jambo hili, na alilisimulia mara moja tu. "Nilivuka mpaka kwa jina la binamu yangu aliyekuwa ameshakufa," akasema. "Wakaniuliza jina, nikatoa la kwake. Wakaniuliza nimezaliwa wapi, nikasema alikozaliwa yeye. Kambini miaka yote niliitwa yeye. Mama akatuma watu kunitafuta, wakafika hadi kwenye kambi ile ile, wakaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Nilikuwa mle ndani, Festo. Nilikuwa nachota maji. Ndivyo tulivyopotezana. Nilipopata karatasi za hapa, wakanirudishia jina langu, nikasema ofisi yoyote ikiniuliza, nitajibu lililo kweli. Sasa leo nimwone mama kwa kudanganya tena?"

Otieno akavuta kiti naye akakaa. Mimi nikamwambia dada Concilie basi tuwaombe wale wengine wafute. Akakataa pia. Alisema aliwapa kwa moyo mmoja, hawezi kwenda kumwambia Mama Zawadi azime kompyuta ya watoto wake kwa ajili yake. Angemwambia mpwa asimshushe mama. Akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nikatoka kwenye ngazi za jengo, nikampigia Mama Zawadi, na sijawahi kujuta.

"Weye Festo!" alisema, na sauti yake ilijaa ngazi zote. "Jambo kama hili munatuficha? Sababu ya nini? Alors, tunakuya kesho. Umuambie apike."

Wakaja Alhamisi jioni. Wa kwanza alikuwa Mama Zawadi, aliyetoka Vårby gård kwa treni ya chini ya ardhi akisukuma kigari cha mtoto, na ndani yake, imefunikwa blanketi la maua kwa sababu ya baridi, kompyuta. Alituambia njiani mzee mmoja wa Kiswidi aliinama kumchungulia mtoto, akakutana na feni. Dada Concilie alifungua mlango, akatazama kigari, akamtazama mwenzake. "Mama Zawadi, umezaa tena na hukuniambia?" akamtania, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kuvunjika. "Nimezaa mashine. Ingiza ndani, itapata mafua," akajibu Mama Zawadi. Kisha akaja mwalimu wa kwaya na ya kwake kwenye mfuko mkubwa wa duka la samani, nyaya zikining'inia, kisha Mganda akapanda nayo mikononi amevaa ndala. Otieno alikuja wa mwisho. Usiku uliotangulia alikuwa amehamishia kazi yake yote ya shahada kwenye CD, na kwa miezi iliyobaki angeiandikia chuoni, kwenye maabara, akigombea nafasi na wengine.

Tulizipanga kwenye korido kama watoto wanaosubiri chanjo. Moja moja ikawekwa mezani, ikaunganishwa na skrini, Otieno akauliza mwenye nayo kama ameshatoa vitu vyake, akajibiwa ndiyo, akabofya, na kila kitu kikafutika. Dada Concilie alisimama pembeni kushuhudia. Hilo tulilitaka sisi, ashuhudie, ili kesho akiulizwa ajibu alichokiona kwa macho yake. Kila skrini ilipozimika alimshika mwenye mashine mikono yote miwili. Mama Zawadi, ilipofika zamu yake, alisema kwamba sasa watoto watarudi kugombana kama zamani, na quand même, hata hivyo, ni afya. Tukala maharage, ndizi na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wengine kwenye sofa, wengine juu ya kompyuta zilizokufa, na tukabishana kama kawaida Kiswahili cha nani ndicho chenyewe. Nakumbuka joto la chumba kile, madirisha yameingia ukungu kwa pumzi zetu, na nilivyokuwa sitaki mtu yeyote ainuke kwenda kwake.

Ijumaa akapiga tena. Safari hii alijibiwa na mama mmoja mtu mzima, akaulizwa swali lile lile kwa maneno yale yale. "En," akasema dada Concilie, akanyoosha mgongo. "Bara en." Moja tu. Wakaanza kusomeana namba ndefu, fungu kwa fungu, yeye akizisoma kutoka kwenye skrini, kisha yule mama akimrudishia nyingine, naye akizirudia kwa sauti nami nikiziandika. Kisanduku cha mwisho kilipojaa, mashine ikafunguka. Alimshukuru yule mama kwa kirefu kuliko Waswidi walivyozoea, akaiweka simu chini, na mkono wake ukabaki juu yake.

Sehemu iliyobaki ya mwaka ule ndiyo ninayoitamani. Kwa kuwa wote walikuwa wamefuta, wote walikuja kwake. Jumapili baada ya ibada korido ilijaa viatu vyenye theluji, na mabuti ya watoto yakapotezana. Mtu anapiga simu nyumbani kwao, wengine wanasubiri zamu na vikombe, na mazungumzo ya mwenzako unayasikia upende usipende: shamba limeuzwa, shangazi ameolewa tena, nani ameugua. Mama Zawadi alizungumza na Bukavu kwa nguvu ambayo ingefika huko hata bila intaneti. Nilijua majina ya wajomba wa watu ambao leo sijui hata wanaishi mtaa gani. Baadaye kompyuta zikaanza kuuzwa na mfumo ukiwa ndani, kisha zikawa za kubeba begani, kila mtu akapata yake na leseni yake halali, na hakuna aliyegombana na yeyote. Watu walianza tu kuwa na sababu ndogo ndogo za kutokuja. Mimi mwenyewe nilioa, nikahamia huku. Mazishini tulikuwa wengi, na katika kupeana mikono niligundua kwamba baadhi yetu hatukuwa tumeonana miaka. Otieno ana mvi. Tulikumbatiana tukaahidiana kupigiana simu.

Jumapili yenyewe nimeiacha mwisho kwa makusudi. Tulikuwepo wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kubakia nayo nyumbani. Dada Concilie alikuwa amesuka nywele na amevaa kitenge juu ya sweta. Mpwa alikuwa amelipia saa moja. Picha ikaja na giza, ikatikisika, halafu kukawa na uso wa bibi mmoja mdogo, amejifunga kitambaa kichwani, anaangalia pembeni kwa sababu hakujua atazame wapi. Mpwa akamwelekeza. Akageuka. Mazoezi yote ya usiku yalipotea. Kisha mama akasogeza mkono wake mpaka ukajaza skrini nzima, na kwenye spika tukamsikia anaita jina la binti yake, jina lake lenyewe, la kuzaliwa, mara nyingi mfululizo.

Walizungumza Kirundi. Mara kwa mara dada Concilie aligeuka kututafsiria: anauliza theluji ikoje, anauliza nywele nasukwa na nani. Aliinua kamera akamwonyesha kitanda, jiko, soksi juu ya kipasha joto. Kisha mama akatuona sisi nyuma yake, tumebanana kwenye sofa, akauliza hao ni nani. Dada Concilie alieleza kwa kirefu. Katikati ya maneno tusiyoyajua tulisikia majina yetu, na kila aliyetajwa aliinama kidogo. Mama alitutazama mmoja mmoja. "Murakoze," akasema, asanteni. Akamwambia binti yake jambo. Dada Concilie akacheka, akatikisa kichwa. Mama akalirudia, safari hii bila kucheka, kwa sauti ya mtu anayemwagiza mtoto. Nikamwona dada Concilie anautazama ule uso kwa makini, kutoka juu hadi chini, kama unavyotazama nyumba kabla hujafunga mlango. Kisha akamuaga, akainuka kwenye kiti. Saa haikuwa imefika hata nusu.

"Mama anasema ameshaniona," akatuambia. "Anasema ninyi mmezima mashine zenu kwa ajili yake, sasa niinuke nanyi mpige kwenu." Akamshika mkono Mama Zawadi akamkalisha, na Mama Zawadi, ambaye hakuwahi kunyamaza katika maisha yake, alikaa pale na asijue namba ya mtu hata mmoja.

Nilimfuata jikoni nikiwa na hasira. Nilimwambia muda ulikuwepo, umelipiwa, na sisi tulikuwa na Jumapili zote zilizobaki. Alikuwa anakata kitunguu, machozi yakimtiririka, ya kitunguu na yasiyo ya kitunguu. "Mama akikwambia inuka, kaka Festo, unainuka," akasema. "Amezeeka sana. Lakini ni yeye." Mama yake alifariki kabla ya mwaka ule kwisha, huko milimani, na hawakuwa wameonana tena.

Wiki hii nzima nimekuwa nikiiwasha na kuizima kompyuta yangu bila kazi yoyote. Ningepewa siku moja tu ya kurudi, ningeichagua Jumapili ile, nimrudishe dada Concilie kwenye kiti amtazame mama yake mpaka saa iishe. Najua angeinuka tena.